Tambi za Asia: bakuli ni lile lile, hesabu imebadilika Tokyo, Lanzhou na Hanoi

Katika migahawa ya ramen mjini Tokyo kuna bei moja ambayo wapishi wanaiogopa: yen 1,000. Wajapani wenyewe wameipa jina, "ukuta wa yen elfu moja". Chini ya bei hiyo mteja anaketi na kula bila kuuliza. Bei ikipita hapo, anasimama mlangoni, anasoma orodha mara mbili, kisha anaenda zake. Kwa miaka kadhaa sasa wapishi wanausogelea ukuta huo, kwani chini yake wanapata hasara na juu yake wanapoteza wateja.

Kampuni ya Teikoku Databank, ambayo inafuatilia biashara zinazofilisika nchini Japani, ilihesabu migahawa 72 ya ramen iliyofilisika mwaka wa 2024. Mwaka uliotangulia ilikuwa 53. Hiyo 72 ilikuwa rekodi mpya, na hapo hawajahesabiwa wazee waliofunga mlango kimya kimya bila kuacha deni kwa mtu.

Wakati huohuo, nchini China, makampuni makubwa ya tambi yalikuwa yanafanya kinyume: yanashusha bei ili wateja warudi. Na huko Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, wauzaji wa phở walikuwa wanagombana na jambo lingine kabisa: kodi. Vyakula hivi vitatu vinafanana kama watoto wa familia moja. Ni tambi, supu ya mifupa, vipande vichache vya nyama na majani juu yake. Lakini ukiyarudia mabakuli hayo leo, moja baada ya jingine, unaona kwamba kila moja linabeba shida ya nchi yake.

Tambi ni zile ambazo wengi mashariki mwa Kongo wanaziita spageti au vermiseli. Tofauti ni kwamba huko Asia mara nyingi hazitoki kwenye pakiti. Zinakandwa na kuvutwa mbele ya mteja, au zinafika mbichi kutoka kiwanda kidogo cha jirani kila asubuhi. Haziliwi na mchuzi wa nyanya, zinaliwa ndani ya supu. Mpishi anajulikana kwa supu yake kuliko kwa kitu kingine chochote.

Lanzhou: ngano, majivu na mikono

Chakula hiki ni cha zamani sana. Mwaka wa 2005 gazeti la kisayansi la Nature lilichapisha habari ya bakuli lililokutwa limepinduka chini ya udongo huko Lajia, katika jimbo la Qinghai, kando ya Mto Manjano. Ndani yake kulikuwa na tambi za miaka karibu 4,000. Hazikuwa za ngano, zilitengenezwa kwa nafaka ndogo za jamii ya mtama.

Si mbali sana na hapo ndipo ulipo mji wa Lanzhou, mji mkuu wa jimbo la Gansu. Tambi zake za nyama ya ng'ombe zinahusishwa na Ma Baozi, Mwislamu wa kabila la Wahui aliyeanza kuziuza mwaka wa 1915. Kanuni yake inajulikana na kila mtoto wa mji huo, nayo inahesabiwa kwa rangi: supu iwe safi isiyo na ukungu, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, majani yawe ya kijani, na tambi zenyewe ziwe za manjano.

Rangi hiyo ya manjano haitoki kwenye mayai. Inatoka kwenye penghui, majivu ya mmea wa jangwani yanayochanganywa na unga. Majivu hayo ni jamaa ya magadi ambayo mama wa kijijini anatia kwenye chungu ili maharagwe yalainike haraka. Kwenye unga wa ngano yanafanya kazi nyingine: donge linakuwa gumu na la kunyumbulika, linavutika bila kukatika. Mpishi analivuta, analikunja, analivuta tena, na kila mara idadi ya nyuzi inaongezeka maradufu. Akivuta mara saba anapata nyuzi 128, mara nane anapata 256. Mteja ndiye anayechagua unene, kuanzia nyembamba kama unywele hadi pana kama mkanda wa suruali. Yote hayo yanachukua muda mfupi kuliko kuwasha jiko la makala.

Mjini Lanzhou kwenyewe bakuli hili ni chakula cha asubuhi, na bei yake ni karibu yuan 8 hadi 10, yaani dola moja na kitu. Kwa kazi ya mikono inayoingia humo, ni vigumu kupata mahali pengine duniani ambapo pesa hiyo inanunua ufundi mwingi kiasi hicho. Lakini bei hiyo ni ya kisiasa pia. Mwaka wa 2007, migahawa ilipoipandisha, serikali ya mji iliingilia kati na kuweka kikomo. Uamuzi huo ulizua mjadala nchi nzima: je, kazi ya serikali ni kupanga bei ya tambi? Wakazi wa Lanzhou hawakuona ajabu. Kwao ilikuwa sawa na kuuliza kama serikali inahusika na bei ya maji.

Kuna jambo ambalo mgeni halijui. Migahawa mingi yenye kibao cha "Lanzhou lamian" katika miji ya China si ya watu wa Lanzhou. Ni ya Wahui na Wasalar kutoka wilaya ya Hualong, jimbo jirani la Qinghai, wilaya maskini ya milimani ambayo watu wake walianza kushuka kwenye miji ya pwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Ndugu mmoja alifungua, akamwita ndugu wa pili, wa pili akamfundisha mtoto wa shangazi. Leo hakuna mji mkubwa wa China usiokuwa nao. Watu wa Lanzhou wananung'unika kwamba jina lao limechukuliwa na kwamba supu ya Hualong si ile ya kwao, na kusema kweli hawakosei kuhusu supu. Lakini ni Hualong waliolifikisha bakuli hilo kila kona, kwa familia kulala juu ya duka na kuamka usiku kuchemsha mifupa.

Wafanyabiashara Wakongo wanaokwenda Guangzhou kununua nguo, simu na vipuri wanaijua migahawa hiyo vizuri. Iko mingi karibu na mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wamefanya biashara kwa miaka mingi. Ni chakula cha halali, hakina nguruwe, hakina pombe, bei iko ukutani na picha iko pembeni: asiyejua Kichina anaonyesha kwa kidole. Mzaha wa Wachina kuhusu migahawa hiyo nao unaeleweka kwa Mkongo yeyote, maana wanasema nyama imekatwa nyembamba hata unaweza kusoma gazeti kupitia kwake.

Mwaka wa 2021 matajiri wa Shanghai waliamua kwamba hapo kuna mali. Pesa za wawekezaji zilimiminika kwenye kampuni kama Chen Xianggui na Majiyong, zilizochukua tambi za Lanzhou, zikazitia kwenye maduka makubwa yenye taa nzuri na kuuza bakuli moja kwa karibu yuan 30. Kampuni nyingine ya tambi, Hefu, ilipata karibu yuan milioni 800 katika awamu moja tu ya kutafuta mtaji mwaka huo. Hesabu yao ilikuwa rahisi: tabaka la kati la China litaendelea kukua, na mtu aliyezoea kulipa yuan 10 atakubali kulipa 30 akipewa kiti kizuri.

Hesabu hiyo haikutimia. Soko la nyumba lilianguka, vijana wakakosa kazi, familia zikaanza kuweka akiba. Mwaka wa 2023 bei za vitu nchini China zilipanda kwa asilimia 0.2 tu kwa wastani, na mwaka wa 2024 ikawa hivyohivyo. Kwa mtu wa Goma anayeona bei ya mafuta ya kula ikipanda kila mwezi, hiyo inaweza kusikika kama habari njema. Si njema. Ni dalili ya watu wasionunua. Mwaka wa 2024 Hefu ilitangaza kupunguza bei zake. Duka la Hualong, lenye meza sita na familia moja, halikuwa na cha kupunguza, kwa sababu halikuwahi kupandisha.

Tokyo: bei rahisi kwa mgeni, ghali kwa mwenyeji

Ramen nayo ilitoka China. Rairaiken, mgahawa ambao wanahistoria wengi wanaanzia kwake, ulifunguliwa mtaa wa Asakusa mjini Tokyo mwaka wa 1910 ukiwa na wapishi Wachina. Lakini kilichoifanya kuwa chakula cha taifa ni njaa iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, wakati unga wa ngano wa Marekani ulipoingia kwa wingi katika nchi iliyozoea mchele. Mwaka wa 1958 Momofuku Ando, aliyezaliwa Taiwan, alitengeneza tambi za kukaanga zinazoiva kwa maji ya moto tu. Kutokana na wazo hilo, dunia sasa inakula zaidi ya pakiti bilioni 120 kwa mwaka, na katika Afrika Nigeria ndiyo inayoongoza.

Mtu anayelinganisha ramen na tambi za Lanzhou anakuta unga ule ule wenye magadi, ambayo Wajapani wanayaita kansui. Lakini supu ni ulimwengu mwingine. Lanzhou inataka supu unayoona chini ya bakuli. Ramen ya Hakata, kusini mwa Japani, inataka kinyume: mifupa ya nguruwe inachemka kwa nguvu saa kumi na zaidi hadi inayeyuka na supu inakuwa nyeupe kama maziwa. Sapporo, kwenye baridi ya kaskazini, wanatia miso, yaani soya iliyochachushwa. Tokyo wanapenda supu ya kuku na mchuzi wa soya. Juu yake wanaweka nguruwe aliyepikwa polepole, nusu ya yai, na karatasi ya mwani wa baharini. Ni bakuli zito kuliko yote matatu, na ndilo linalokula gesi zaidi. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Japani inanunua nje zaidi ya asilimia 80 ya ngano yake, hasa Marekani, Kanada na Australia. Serikali ndiyo inayoinunua na kuwauzia wenye viwanda vya unga, na inabadilisha bei mara mbili kwa mwaka, mwezi wa nne na mwezi wa kumi. Mwezi wa nne mwaka wa 2022, wiki chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei hiyo ilipandishwa kwa asilimia 17.3 kwa wastani. Gesi nayo inatoka nje. Chakula cha nguruwe pia. Na vyote vinalipwa kwa dola, wakati yen yenyewe ilikuwa inaporomoka: mwaka wa 2021 dola moja ilikuwa karibu yen 110, na mwezi wa saba mwaka wa 2024 ikapita 160, udhaifu ambao Japani haikuuona tangu miaka ya 1980.

Matokeo yake ni kitu cha ajabu. Yen 1,000 zilizokuwa zaidi ya dola 9 zikawa dola 6 na kidogo. Kwa mtalii, ramen imekuwa chakula cha bure. Watalii milioni 36.8 waliingia Japani mwaka wa 2024, idadi ambayo haikuwahi kuonekana kabla ya hapo, na wengi walipanga foleni mbele ya migahawa hiyo wakishangaa urahisi wake, kwani New York bakuli kama hilo linakaribia dola 20. Nyuma yao katika foleni ileile kuna mfanyakazi wa ofisi wa Tokyo ambaye mshahara wake haukuongezeka kwa kasi ya bei, na ambaye anaona yen 1,000 kama tusi. Baadhi ya migahawa imefikiria kuwa na bei mbili, ya mwenyeji na ya mgeni. Wazo hilo linagawanya watu sana.

Hata hivyo ukuta wenyewe unastahili kutiliwa shaka. Mwaka wa 2015 mshahara wa chini kabisa nchini Japani, kwa wastani wa taifa, ulikuwa yen 798 kwa saa. Mwaka wa 2024 ulipandishwa hadi 1,055, na mwaka wa 2025 hadi 1,121. Kwa maneno mengine, kijana anayeosha vyombo jikoni kwa saa moja analipwa zaidi ya bei ya bakuli ambalo mwajiri wake anaogopa kulipandisha. Ramen ilijengwa kama chakula cha mfanyakazi, na mteja anakumbuka bei ya ujana wake. Pizza inaweza kuuzwa mara mbili ya hapo na hakuna anayelalamika. Hiyo si hesabu ya unga wala ya gesi, ni hesabu ya kichwani, na ndiyo ngumu kuliko zote kuibadilisha.

Serikali nayo iliongeza mzigo bila kukusudia. Katika migahawa mingi ya ramen mteja halipi mtu. Anatia noti kwenye mashine mlangoni, anapata tiketi, anampa mpishi. Tarehe 3 mwezi wa saba 2024 Benki ya Japani ilitoa noti mpya, na mashine za zamani hazikuzitambua. Kununua mashine mpya kulimaanisha yen milioni moja, wakati mwingine hadi mbili. Ikiwa mpishi anabaki na yen 50 za faida kwa kila bakuli, anahitaji kuuza mabakuli 20,000 ili kulipa mashine ya milioni moja. Hapo bado hajalipa nyumba.

Kisha mchele ukafuata. Katika majira ya kuchipua ya 2025 mfuko wa kilo 5 ulipita yen 4,000, karibu mara mbili ya bei ya mwaka uliotangulia. Waziri wa kilimo, Taku Eto, alisema hadharani kwamba yeye hajawahi kununua mchele kwa sababu wafuasi wake wanampa wa bure. Alijiuzulu mwezi wa tano. Wapo nchi ambako waziri angesema hivyo na kesho yake akaenda kazini kama kawaida.

Soko ni moja

Msomaji wa Bukavu au Butembo anaweza kuona haya yote kuwa ya mbali. Migahawa ya Kichina ipo Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, lakini imefuata migodi, na wateja wake wengi ni watu wa migodi. Tambi si chakula cha kila siku kwa mtu wa Kivu.

Lakini ngano inayomtesa mpishi wa Tokyo inatoka kwenye soko lile lile la dunia ambalo linapanga bei ya mkate wa Goma. Kongo haizalishi ngano ya kutosha hata kidogo. Unga unaofika mashariki unapitia viwanda vya nchi jirani, na viwanda hivyo navyo vinanunua nafaka ng'ambo kwa dola. Franka ya Kongo ilifuata njia ileile ya yen: kutoka karibu 2,000 kwa dola moja hadi zaidi ya 2,800 mwaka wa 2024. Mama mwenye malewa anayeuza sahani kwa franka na kununua mafuta kwa bei ya dola anaijua hesabu ya Tokyo bila kufundishwa. Naye ana ukuta wake. Asipoweza kupandisha bei, anapunguza kipande cha nyama, au bugali inakuwa ndogo kidogo, au mandazi yanapungua uzito huku bei ikibaki pale pale. Tofauti ni kwamba hakuna kampuni inayohesabu malewa zinazofungwa.

Bei ya tambi imekuwa habari pia Korea ya Kusini. Mwezi wa nne mwaka wa 2018, viongozi wa Korea mbili walipokutana Panmunjom, ujumbe wa Kaskazini ulileta tambi baridi za Pyongyang, na siku hiyo foleni ndefu zilijipanga mbele ya migahawa ya tambi hizo mjini Seoul. Mwaka wa 2022 UNESCO iliziandika kama urithi wa Korea ya Kaskazini. Mwaka huohuo bei ya wastani ya bakuli hilo mjini Seoul ilipita won 10,000, na magazeti ya huko yakaandika zaidi juu ya bei kuliko juu ya urithi.

Hanoi: mabakuli 46 kwa siku

Kwa upande wa supu, phở ndiyo inayowashinda wenzake. Ilizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 kaskazini mwa Vietnam, kati ya Nam Định na Hanoi, wakati wa ukoloni wa Kifaransa. Wafaransa walitaka nyama ya ng'ombe, jambo ambalo wenyeji hawakuwa nalo sana kwa kuwa ng'ombe alikuwa wa kulima. Mifupa ilibaki. Wapishi wa mitaani waliichukua, wakaichemsha usiku kucha pamoja na tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni, mdalasini, iliki nyeusi na anisi yenye umbo la nyota, wakaitia chumvi kwa mchuzi wa samaki. Tambi zake ni za mchele, pana, laini na nyeupe. Hazina magadi wala mvutano, na zinateleza. Anayetaka kutafuna aende Lanzhou.

Phở ya Hanoi ni ya kujizuia: kitunguu kibichi, pilipili, siki yenye kitunguu saumu, na vijiti vya unga vilivyokaangwa, quẩy, ambavyo ladha yake haiko mbali na mandazi yasiyo na sukari. Baada ya mwaka wa 1954, nchi ilipogawanywa, karibu watu milioni moja walihama kutoka kaskazini kwenda kusini, na phở ikaenda nao. Saigon ikaiongezea sukari kidogo, majani ya aina nyingi, chipukizi za maharagwe na mchuzi mtamu. Watu wa Hanoi wanasema huko ni kuharibu. Watu wa Saigon wanasema Hanoi ni ubahili. Mjadala huo hautaisha, na aliyekula zote mbili anajua kwamba kila upande una sababu zake, ingawa supu nzuri haihitaji sukari.

Bakuli hilo limepita mengi. Katika miaka ya uchumi wa mgao, kabla ya mageuzi ya 1986, migahawa ya serikali iliuza phở isiyo na nyama. Wananchi waliiita "phở isiyo na rubani", kwa kukumbuka ndege za kijeshi za Marekani zilizoruka bila mtu ndani. Mwezi wa nane mwaka wa 2024 serikali iliitangaza phở ya Hanoi na ile ya Nam Định kuwa urithi wa taifa.

Mwaka mmoja haukupita, serikali hiyo hiyo ikaja na kitu kingine. Vietnam ni miongoni mwa wauzaji watatu wakubwa wa mchele duniani, iliuza nje karibu tani milioni 9 mwaka wa 2024, kwa hiyo mtu angedhani tambi za mchele ziko salama. Hazikuwa. India ilipozuia mchele wake mweupe kutoka nje mwezi wa saba 2023, bei ya mchele wa Vietnam ilipanda hadi zaidi ya dola 600 kwa tani, na mpishi wa Hanoi akalipa bei ya dunia kwa mchele wa shamba la jirani. India ilifungua tena mwezi wa tisa 2024. Lakini jambo lililowashtua wauzaji zaidi lilikuwa sheria iliyoanza tarehe 1 mwezi wa sita 2025: biashara ya familia inayoingiza dong bilioni moja au zaidi kwa mwaka lazima itoe risiti ya kielektroniki kupitia mashine iliyounganishwa moja kwa moja na ofisi ya kodi.

Dong bilioni moja inasikika kama utajiri. Ni karibu dola 38,000. Bakuli la phở mjini Hanoi linauzwa karibu dong 50,000 hadi 70,000. Ukichukua 60,000, bilioni moja ni mabakuli 16,700 hivi kwa mwaka, yaani 46 kwa siku. Duka la phở lenye viti vya plastiki kando ya barabara linauza hayo kabla ya saa tatu asubuhi. Na kinachohesabiwa ni pesa yote inayoingia, si faida.

Serikali ina sababu zake, na si mbaya. Zamani familia hizo zililipa kodi ya kukadiriwa, kiasi ambacho afisa na muuzaji walikubaliana, na kila mtu anajua mapatano kama hayo yanavyokwenda. Mfumo huo umefutwa kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza 2026. Nchi inayotaka barabara na hospitali haiwezi kuendelea kuacha biashara nyingi kiasi hicho zikikadiriwa kwa macho.

Shida iko sokoni. Mpishi anayeamka saa tisa za usiku ananunua mifupa kwa mchinjaji na majani kwa bibi aliyetoka nayo shambani kwa pikipiki. Wote wawili hawana risiti ya kumpa. Mauzo yake yanaonekana kwenye kompyuta ya serikali, gharama zake hazionekani popote. Wiki za kwanza za mwezi wa sita maduka mengine yalifungwa kwa muda. Mengine yaliondoa zile karatasi za kulipia kwa simu ambazo zilikuwa zimebandikwa kila meza, yakaandika kwa mkono kwamba yanapokea pesa taslimu tu. Vijana wa Hanoi, ambao wengi hawakumbuki mara ya mwisho waliposhika noti, walilazimika kutafuta mashine ya benki kabla ya kula.

Wauzaji waliobaki wanachagua kati ya mambo mawili. Wa kwanza anaongeza dong 5,000 kwenye bakuli na kueleza sababu kwa kila anayeuliza. Wa pili anaacha bei ilivyo, anatia tambi zile zile na supu ile ile, na kukata nyama nyembamba zaidi.